Baba Mkwe, Nilikushika Mkono

Shikamoo, Baba.

Ni mara yangu ya kwanza kukuamkia. Miaka yote niliyokaa kwenye mji wako, nikala mahindi ya shamba lako, nikakuzalia mjukuu, sijawahi kukuambia hata habari za asubuhi. Ulipotokea, mimi nilipotea. Ukija njiani nilishuka kwenye majani, nikachuchumaa, nikakupa mgongo mpaka nisikie nyayo zako zimepita. Ndivyo nilivyofundwa kwetu kabla ya kuolewa. Sisi Wandali, mkazamwana na baba mkwe wake hawaonani uso, hawagusani, na jina la baba mkwe halitamkwi. Hata humu sitalitaja, usiogope.

Kaburi lako liko nyuma yangu, hapa kando ya migomba. Nimekupa mgongo kama kawaida. Karatasi nimeiomba kwa Tusekile, mjukuu wako, nimeiweka juu ya ungo na ungo uko magotini. Naandika kwa Kiswahili. Kwa Kindali nimejaribu, Baba, siwezi, kila neno linanikumbusha mimi ni nani kwako. Kiswahili mimi nilikipata shule ya misheni na wewe ulikipata jeshini, basi nimesema labda humo naweza kukusogelea kidogo bila kukuvunjia heshima.

Nina aibu. Nimekuwa nayo tangu siku ile ya mtoni, na ulipokufa nilidhani itazikwa pamoja nawe. Wapi! Naamka nayo, nalala nayo. Siku zote nilitaka kujua jambo moja tu, kama ulikufa umenikasirikia. Sasa jibu nimelipata, wiki hii hii, na nakwambia ukweli, lile jibu limeniaibisha kuliko yote yaliyotangulia. Nivumilie nisimulie kwa taratibu, maana nikilisema haraka nitalia na karatasi italowa.

Nilipoolewa hapa ulikuwa umesharudi kutoka vitani Bama na lile koti lako la jeshi. Watu walikuwa wanangoja uwasimulie vita, hukusimulia. Mwanao Lutengano, mume wangu, aliniambia kwamba baba yake amerudi na kitu kimoja tu, mchezo wa kukamatana kwa mikono mitupu, aliofundishwa kambini kule kisiwa cha Silani kabla ya kupelekwa vitani. Ukalima kahawa yako. Halafu Tusekile alipoanza shule, mwalimu mkuu akakuomba uwafundishe watoto kwata. Ukasema kwata hapana, kwata umeshachoka nayo. Ukawafundisha ule mchezo, jioni, baada ya masomo, mmetandaza majani makavu uwanjani.

Jamani, wazazi walivyokasirika! Siku za mwanzo ulikuwa unafundisha kuanguka tu. Kuanguka mbele, kuanguka nyuma, kuanguka ubavu. Watoto wanarudi nyumbani na majani kichwani, viwiko vimechubuka, ukiwauliza leo mmejifunza nini wanasema kuanguka. Baba mmoja alisimama nje ya kanisa akasema kwa sauti, "Mimi nimempeleka mwanangu akajue hesabu, ananirudia anajua kudondoka!" Watu wakacheka, na tangu siku hiyo wakaiita shule ya kuanguka. Wazee wa kanisa nao wakaja na yao. Waliona watoto wanainama mbele yako kabla ya kuanza, wakauliza isije ikawa wanaabudu mtu. Ukawajibu kwamba wanasalimia tu, na kama wazee wanataka, waje na wao wainamiwe. Mama mkwe aliponisimulia hayo nilicheka mpaka maharage yakaungua.

Kilichowanyamazisha ni mpera wa jirani yetu. Mwanawe alipanda, tawi likakatika, akaja chini. Yule mama alipiga yowe mpaka sisi tukatoka na majembe. Tukamkuta mtoto amesimama, anajipangusa, anaendelea kula pera lake. Alijikunja kama ulivyomfundisha. Na huyo mama ndiye aliyekuwa anakusema kuliko wote! Kesho yake alikwenda shuleni na mkungu wa ndizi kichwani, akautua pale penye majani. Baada ya hapo kina mama wakawa wanakaa kando ya uwanja kila jioni. Mtoto akianguka vizuri wanapiga vigelegele kama harusini. Wavulana waliojaribu kuonea wenzao njiani uliwanyang'anya mkanda wao wa mchezo, ukawapa fagio, na baba zao wakasema sawasawa.

Mimi peke yangu ndiye sikuona. Nilikaa nyuma ya jiko la shule, penye kuni, nimeupa uwanja mgongo. Darasa lako nililijua kwa masikio. Nilisikia pu, pu, watoto wanaanguka, halafu sauti yako, "Inuka, jipanguse, tena." Tusekile nilimjua kwa kuguna. Na ile mikanda ya kamba za migomba waliyofunga watoto viunoni, niliisuka mimi, nikampa mjukuu wako aseme ameiokota nyumbani. Sijui nani angeamini uongo kama huo, lakini hukuuliza.

Basi jioni, Mama mkwe akiwa kwa jirani, Tusekile ananivuta uani, kwenye makapi ya maharage. "Mama, nishike." Namshika, ananiangusha. Mtu mzima, mke wa mtu, ninagaragazwa na mtoto na ninacheka nimeziba mdomo na kitambaa! Siku moja akaja mbio kutoka shule akasema, "Babu kasema nikwambie, yule ninayecheza naye nyumbani anatanguliza mguu wa kulia. Atangulize wa kushoto, halafu akae chini kama anakalia kigoda, asivute kwa mikono."

Nilitaka kujificha ndani ya mtungi. Kumbe ulikuwa unajua! Umeniona kwenye miguu ya mtoto. Baada ya siku kadhaa nikamtuma: muulize babu, na mtu akiwa mzito kuliko mimi? Jibu likaja jioni ile ile: "Babu kasema usijishughulishe na uzito wake, wewe kaa chini tu." Nikauliza jingine. Ukajibu. Ukauliza na wewe kama kamba za mikanda hazinikati vidole. Mtoto akawa anakwenda na kurudi, anakwenda na kurudi, mpaka akalalamika kwamba sisi wawili tunamchosha.

Lutengano yuko Kitwe, kwenye migodi ya shaba, unajua mwenyewe. Mwaka anakuja, mwaka haji. Kwa hiyo nikwambie bila kuficha, mtu niliyezungumza naye zaidi kwenye mji huu ni wewe, ambaye sijawahi kuzungumza naye.

Halafu mtoni.

Ilikuwa siku ya gulio Isongole, mvua imenyesha tangu alfajiri. Nilikuwa narudi na kapu la viazi. Nimevuka daraja la magogo, nikatazama nyuma, nikaona koti lako linakuja na watu wengine nyuma yako. Nikafanya kama siku zote. Nikashuka chini ya njia, karibu na maji, nikatua kapu, nikachuchumaa, nikageuka. Nikasikia gogo linalia. Nikasikia watu wanapiga kelele. Halafu nikakusikia wewe. Hukuita mtu, ulisema "Ee!" tu, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani.

Sikufikiri, Baba. Ningefikiri ungekwenda na maji. Nilipogeuka ulikuwa umeshika majani ya ukingoni, maji yamekufika kifuani, koti limelowa linakuvuta chini. Mguu wa kushoto ukatangulia wenyewe. Nikakukamata kifundo cha mkono kwa mikono yangu miwili, nikakaa chini kama nakalia kigoda. Ukapanda ukingo wote, ukaniangukia, tukabiringika matopeni sote wawili.

Kilemba changu kilikuwa kimeshakwenda na mto. Uso wangu na uso wako, hivi hivi, kwa karibu. Una kovu kidevuni. Miaka yote hiyo hakuna aliyeniambia kwamba baba mkwe wangu ana kovu kidevuni. Na macho ya Tusekile, yale ninayoyapenda, kumbe aliyatoa kwako. Nikakumbuka mimi ni nani. Nilikuwa bado nimekushika mkono.

Ng'ambo watu walikuwa wamesimama. Bibi mmoja akajifunika uso. Kijana mmoja akacheka, akanyamazishwa, akacheka tena. Nikaacha kapu, nikaacha viazi, nikakimbia kichwa wazi mpaka nyumbani.

Mama mkwe hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alisema kwa sauti ya chini kwamba atafutwe kuku mweupe wa kututakasa. Wazee wa kanisa wakasikia, wakaja kusema hayo ni mambo ya zamani, sisi ni Wakristo, kuokoa mtu si kosa. Walisema vizuri sana. Lakini wake zao kisimani walikuwa wananiachia nafasi pana kama nina ukoma, na nikiinama kuchota nasikia nyuma yangu, "Ndiye huyo aliyemkumbatia mkwewe." Nikaanza kuchota maji jua la utosini, wakati kisima hakina mtu. Nilikuwa naona aibu ya kukugusa. Halafu, na hili sijamwambia mtu, nilikuwa naona aibu kwa sababu ndani kabisa sikujuta. Ungeanguka tena ningekushika tena. Mwanamke wa namna gani huyo?

Jioni ya siku iliyofuata Tusekile alirudi kutoka shule anahema. "Mama, babu kasema..." Sikumwacha amalize. Nilimwambia, "Koma! Habari za babu yako na za kuanguka kwenu sitaki kuzisikia tena humu ndani." Nilimkemea kwa sauti ambayo hajawahi kuisikia kwangu. Nilijua unataka kusema nini. Nilijua ni matusi, au ni kwamba nirudishwe kwetu. Mtoto akatii. Wewe ndiye uliyewafundisha kutii.

Nikaacha kwenda penye kuni. Mikanda ikikatika, isukwe na wengine. Siku zikapita, hakuna ujumbe, nami nikasema moyoni, unaona, amekasirika, amekata maneno. Ndivyo nilivyo, Baba. Nimefunga mlango mwenyewe, halafu nalalamika hakuna anayeingia.

Mvua zilipokuwa zinaisha ukashikwa na kichomi. Wengine walisema ni maji ya mto yaliyokuingia kifuani. Wengine walisema ni aibu inayokula, na walikuwa wanalisema nikiwa karibu ili nisikie. Uji wako niliupika mimi. Nilikuwa nauacha kizingitini na kuondoka mbio, na Mama mkwe anauingiza. Kibuyu kikirudi kitupu nilifurahi, kikirudi kimejaa nilikaa jikoni nikalia na kusema ni moshi. Usiku ulipokohoa nilikusikia kupitia ukuta. Sikuweza hata kuuliza unaendeleaje, kwa sababu yule wa kumtuma nilikuwa nimemfunga mdomo.

Siku ya kukuzika nilisimama mwisho kabisa, nyuma ya wanawake wote, nimegeukia shamba la kahawa. Nilisikia udongo unaanguka. Nilikujua kwa masikio mpaka mwisho.

Lutengano alifika umeshazikwa. Alikuwa ameshaambiwa yote kule Tunduma, kabla hajafika hata Isongole. Habari ina miguu kuliko basi. Akaniuliza, "Ni kweli?" Nikasema ni kweli. Akauliza tena, "Mkono upi?" Nikamwonyesha mikono yangu. Akaichukua, akaiweka usoni kwake, akalia kwa mara ya kwanza tangu afike. Kisha akarudi kazini kwake, kwa sababu migodi haingoji matanga.

Sasa nakuja kwenye wiki hii.

Watoto walikuwa wamebaki bila mwalimu. Wanajaribu wenyewe, mmoja ameteguka bega, wazazi wanagombana. Usishangae, wale wale waliosema shule ya kuanguka ndio wanaosema isife. Mwalimu mkuu akawauliza watoto kama kuna mtu mwingine anayeujua mchezo ule, wakajibu wote pamoja: Mama Tusekile. Akaja hapa nyumbani mwenyewe na kofia mkononi. Nilidhani wananidhihaki. Nikasema nitakwenda mara moja tu, kuwaambia hao watoto uso kwa uso kwamba mimi siwezi.

Nikaingia uwanjani mbele yao. Ndiyo mara ya kwanza kuuona, Baba! Ni mdogo kuliko nilivyousikia. Wakapanga mstari, na mikanda yangu viunoni, mingine imekwisha kabisa, wameifunga mafundo mafundo. Wakaniinamia. Kabla sijafungua mdomo, binti wa yule mama mwenye mpera akasema, "Mama Tusekile, tuanze na kile cha mtoni."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikasema, hata watoto! Nikamtazama Tusekile, nikaona anatazama miguu yake na machozi yanamtoka. Wenzake wakagawanyika wawili wawili. Mmoja akalala chini ameshika majani, mwingine akaja, mguu wa kushoto mbele, mikono miwili kwenye kifundo, akakaa chini kama anakalia kigoda. Wote. Uwanja mzima. Nikauliza nani amewafundisha, wakashangaa, wakasema, "Mwalimu."

Wakanisimulia kwa kukatizana. Kwamba kesho yake ya mtoni ulikuja na koti bado bichi, ukawaambia, "Jana mimi nimeanguka vibaya sana, lakini nimetolewa vizuri. Tazameni alivyofanya." Ukamlaza mtoto mmoja chini awe wewe, na wewe ukawa mimi. Ukakaa matopeni na koti lako kuwaonyesha. Mbele ya kina mama wote waliokuwa wanatazama! Na hakuna hata mmoja wao aliyeniambia, kwa sababu walikuwa wananikwepa na mimi nilikuwa nawakwepa.

Njiani kurudi nyumbani ndipo Tusekile akanimalizia, maana nilimwambia sema, mama, sema sasa. Jioni ile ulimtuma, "Mwambie aliyekuzaa, mguu wa kushoto ulikuwa mahali pake." Hayo tu. Ndiyo aliyokuja nayo akihema, nikamwambia koma. Na kesho yake ukamuuliza, "Amesemaje?" Akasema hajasema kitu. Ukamuuliza na kesho kutwa yake. Ukamuuliza na ulipokuwa umelala, kifua kinabana, "Amesemaje?" Akasema, "Bado, babu."

Baba, nisamehe. Mimi nilikuwa jikoni nadhani umenikasirikia, na wewe upande wa pili wa ukuta ule ule ulikuwa unadhani mimi ndiye niliyekasirika. Sijui hata nianzie wapi kuona aibu. Ya kukugusa imeondoka, naisikia imeondoka, lakini hii ya kukuacha ungoje, hii sijui nitaipeleka wapi. Umekufa unangoja neno la mkazamwana wako, nami neno nilikuwa nalo.

Basi nalisema leo, limechelewa, lipokee hivyo hivyo. Mtu ulikuwa mzito, Baba, na koti lile! Lakini nilikaa chini tu, kama ulivyosema, ukaja. Sikuwa na hasira na wewe hata siku moja. Kovu lako nimeliona na sitamsimulia mtu. Asante kwa kunifundisha, na asante kwa kukaa matopeni mbele ya watu kwa ajili yangu.

Nimemkubalia mwalimu mkuu. Nimeanza kusuka mikanda mipya, zile kamba ziko hapa karibu nami zinakauka. Watasema, mwanamke anafundisha watoto kuanguka. Waache waseme, watakuja kukaa kando ya uwanja kama walivyokuja mwanzo. Nakuahidi nitawafundisha kuanguka kwanza, kabla ya lolote. Na nakuahidi kwamba mtoto akiniambia "Mama, fulani kasema", nitamsikiliza mpaka amalize, hata kama naogopa neno lenyewe.

Mama mkwe anarudi, namsikia kule njiani anasalimiana na watu. Naweka ungo chini sasa. Nimesimama.

Nimegeuka, Baba. Wameyapanga vizuri yale mawe, na mtu ameweka juu yake mkanda wa mgomba, mdogo, wa mtoto. Naandika karatasi ikiwa juu ya kiganja, mstari huu umepinda, samahani.

Lala salama. Ni mimi, Subilaga, niliyekushika mkono.

Shikamoo.